Timazi ya Baba na Hadithi za Kila Siku

Sifa zote ni za Mungu, aliyetupa macho mawili na ulimi mmoja, akatufikisha uzeeni tukiwa bado tunaona. Namshukuru kwanza, kwa sababu nitakayoyasema yana ukali, na sipendi ukali uwe neno langu la kwanza.

Harufu ya mafuta ya mawese yaliyopashwa moto hunirudisha Biryogo, mtaa wa utoto wangu, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, masika yale baba alipolala na mguu uliovunjika. Mganga wa mifupa alikuwa ameufunga kwa vijiti vya matete, na kila asubuhi mama aliupaka mawese huku mvua ikigonga mabati. Baba alikuwa mwashi. Alianguka kutoka kwenye jukwaa la miti lililofungwa na rafiki yake, fundi Sefu, na tangu siku ile hawakuonana tena. Baba alisema Sefu hajui kufunga kamba, na juu ya hayo ameondoka na timazi ya baba, kile chuma chenye uzi ambacho waashi hukitumia kupima kama ukuta umesimama wima. Mganga alikuwa ametuonya: siku za kulala zikiisha baba asimame kwa fimbo, la sivyo mguu utakauka. Siku hizo ziliisha. Baba hakusimama.

Kitu kimoja tu kilimfanya ageuke kutoka ukutani. Sisi watoto watatu, kila aliyetumwa nje, awe ameenda bombani, dukani au chuoni kusoma Kurani, alipaswa kurudi na jambo moja aliloliona kwa macho yake. Baada ya sala ya magharibi tulisimama miguuni pa kitanda, mmoja mmoja, tukalisema kabla ya kula. Baba aliuliza maswali kama kadhi. Kuku alikuwa wa rangi gani? Huyo mama alicheka kabla ya kuanguka au baada? Mimi, msichana mvivu mwenye mdomo mrefu, nilichoka upesi. Jioni moja nikamwambia sikuona kitu.

“Kuanzia bombani mpaka hapa,” baba akasema, “watu wote walikufa?”

Kaka zangu wakacheka. Kesho yake, ili wasicheke tena, nikatunga. Nikasema nimekutana na fundi Sefu, amemsalimu baba, na atakuja Ijumaa baada ya sala. Ilikuwa hadithi nzuri, yenye mwanzo na mwisho, na sikuitolea jasho hata tone. Baba hakuuliza swali. Ijumaa akaomba anyolewe ndevu. Akavaa kanzu yake nyeupe, akaketi kitandani uso ukiuelekea mlango, mama akampikia mgeni chai ya tangawizi. Chai ikapoa. Alasiri ikapita. Baba akavua kanzu, akageukia ukuta, akamwambia mama, “Waambie watoto wasiniletee kitu tena. Sitaki habari.” Mama akanitazama tu. Nadhani alijua.

Jumamosi nilipanda mtaa mpaka kwa Sefu, matope mpaka magotini, nikiwa nimejiandaa kulia na kumbembeleza aje. Hakuwepo. Mkewe alinikaribisha ndani nisinyeshewe, nami nikaketi, na kwa mara ya kwanza masika yale nikatazama kwa sababu nilikuwa na haja ya kuona. Juu ya kitanda chao, kwenye msumari wake peke yake, ilining'inia timazi ya baba. Nikanyoosha mkono.

“Usiguse,” yule mama akasema. “Hata mimi siruhusiwi. Anasema mwenye nayo atakuja kuichukua kwa miguu yake.”

Nilikuwa nimeshagusa. Kidole kilirudi na mafuta.

Nyumbani nilisimama miguuni pa kitanda cha baba bila kuitwa. Nikasema kwanza kwamba Ijumaa ilikuwa uongo wangu. Mgongo wa baba haukutikisika. Kisha nikasema nilichokiona na nilichokisikia kwa Sefu.

“Uzi wa rangi gani?” akauliza, bado ameuelekea ukuta.

“Mwekundu. Una mafundo mawili.”

“Chuma kina kutu?”

“Hakina. Kimepakwa mafuta.” Nikamnyooshea kidole. Aligeuka, akakinusa.

Hakunipiga wala hakunisamehe kwa maneno. Aliomba fimbo. Siku ile alisimama akaanguka tena kitandani. Siku nyingine alifika mlangoni, nyingine bombani, na mvua zilipokuwa zinaishia alipanda mtaa wote hadi kwa Sefu, mimi nyuma yake.

“Umechelewa,” Sefu akasema.

“Kamba yako ndiyo iliyonichelewesha,” baba akajibu, na wote wawili wakatazama chini.

Sasa naishi Remera, upande wa pili wa jiji, kwa mwanangu, na mjukuu wangu Zulfa ameingia katika shindano la kuandika hadithi fupi kila siku kwa mwezi mzima. Kila asubuhi simu yake inamletea wazo. Juzi lilikuwa: andika kuhusu saa inayotoa machozi. Mungu anisamehe, sijawahi kusikia upuuzi uliovaa nguo nzuri kiasi hicho. Vijana wanaketi kwenye mikahawa ya Gisimenti, hapa jirani, watu mia wakipita mbele yao na siri zao, nao wameinamia kioo wakingoja msukumo kama wagonjwa wanaongoja kuitwa majina. Sisi tulikuwa na kichochoro kimoja cha matope. Wao wana lami, taa na jiji zima, na hawaoni hata mtu aliyewaletea chai.

Siku ya tisa Zulfa aliniambia, “Bibi, leo kichwa iko tupu kabisa.” Nikamtuma nyanya. Akarudi na nyanya.

“Umeona nini?”

“Hakuna kitu, Bibi.”

“Kuanzia dukani mpaka hapa watu wote walikufa?”

Alikasirika. Nikachukua simu yake, nikaikalia, nikamrudisha nje. Alikawia mpaka nikamaliza kukata vitunguu. Aliporudi alisema mlinzi wa jengo la jirani ana viti viwili. Kimoja anakikalia. Kingine anakifuta vumbi kila mara, na mtu akitaka kukikalia anamkataza.

“Ni cha nani?” nikauliza.

“Sijui. Labda nitunge kwamba...”

“Usitunge. Nenda kamuulize.”

Akaenda. Nilibaki dirishani nikimwona akichuchumaa kando ya kile kiti bila kukigusa, na mlinzi akianza kusema.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mungu akulindie macho yako, akuepushe na hadithi rahisi, na akupe mtu wa kukuuliza jioni umeona nini.