Nilirudi Safari Nikakuta Darasa Zima Linaandika Kifo Changu

Mtoto wa shule aliponiona alidondosha mkoba, akarudi kinyumenyume hadi akagonga ukuta, kisha akapiga ukelele mtaa mzima ukasikia.

"Bibi wa ukutani kafufuka!"

Akatimua mbio. Kiatu kimoja kikabaki barabarani.

Wajukuu zangu, katika umri huu nimeshakimbiwa na kuku, na paka, hata na mchumba. Kukimbiwa kwa sababu nimekufa, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Ngoja niwaeleze taratibu.

Kazi yangu ni kusuka viti. Una kiti chako cha mbao, kikalio kimetoboka kwa uzito wa wageni, unaniletea mimi. Naloweka kamba, naipitisha chini ya ubao, naivuta, naikaza. Ikikauka, akikalie hata baba mkwe, haibonyei.

Mjini naitwa Bibi Viti. Jina hilo ndilo linalonilisha. Mtu akilisikia, anajua kiti chake kitapona.

Kibandani nilikuwa nafanya kazi na mdogo wangu wa tumbo moja. Yeye wanamwita Bibi Mdogo. Mama yetu alitangulia tukingali wadogo, kwa hiyo huyu nimembeba mimi mgongoni, nimemlisha mimi, na kushika kamba nimemfundisha mimi.

Basi binti yangu akajifungua mapacha, mji wa mbali. Nikafunga mizigo nikawaogeshe wajukuu. Mdogo wangu nikamwachia kila kitu: ufunguo wa kibanda, vyombo vya kazi, na ile simu ya kazi ambayo wateja wanapiga.

"Nenda dada, mimi si nipo?" aliniambia. "Wewe kalee watoto."

Nikakaa huko miezi. Nikimpigia kwa simu ya binti yangu, jibu ni lile lile: "Salama dada. Kazi zipo kidogo kidogo. Usiwe na haraka ya kurudi."

Nikawa nasema, jamani, mdogo wangu ana huruma huyu!

Sasa ndiyo nimeshuka kwenye basi asubuhi, kifurushi kichwani, na mtoto wa watu ananikimbia.

Nikaenda moja kwa moja kwenye mabanda ya mafundi. Kibanda chetu kimefungwa. Kufuli jipya.

Jirani yangu seremala alikuwa anapiga randa. Akainua kichwa. Randa ikamponyoka.

"Bibi Viti?"

"Ndiyo mimi. Hujambo mwanangu?"

"Si... si ulishakufa wewe?"

"Nani kaniua?"

"Mama, usinitanie! Mafundi wote tulisimama hapa tukanyamaza kwa heshima yako. Mimi nilitoa machozi!"

"Asante kwa machozi. Nani kawaambia?"

Akavuta stuli akakaa.

"Habari zilitoka shuleni. Kuna mwalimu anawafundisha watoto kuandika makala za habari, zile za kweli tupu, si hadithi za sungura. Anarusha picha ukutani kwa projekta, wanazitazama, wanaandika. Sasa picha zenyewe ni zako. Mwanangu kaandika ulivyoishi, ulivyofanya kazi, ulivyofariki. Kapewa vema!"

"Na mdogo wangu?"

"Huyo maskini alifunga kibanda tangu zamani. Siku hizi viti anavifuata majumbani kwa wateja. Hata pole hatukuwahi kumpa."

"Na wateja wangu?"

"Mama, nani amletee marehemu kiti?"

Damu ikanipanda. Mwalimu gani huyu asiye na haya? Kaniua bila kunijua, kafunga kibanda changu, kamtoa mdogo wangu kwenye kivuli akahangaike juani!

Kifurushi nikakiacha kwa seremala. Nikashika njia ya shule. Nilitembea kwa hasira hadi viatu vikawa vinapiga makofi.

Nikafika. Darasa lina pazia madirishani, ndani giza. Nikaingia kwa mlango wa nyuma, kimya, nikasimama nyuma ya watoto. Hakuna aliyegeuka. Macho yote yako kwenye ule mwanga.

Ukutani kulikuwa na maneno makubwa: MAKALA YA HABARI. Chini yake: Nani? Nini? Wapi? Lini? Vipi?

Mwalimu mwenyewe binti mdogo tu, sauti laini. Akabonyeza kitu. Slaidi ikabadilika: Andika kilicho kweli. Uliza watu zaidi ya mmoja.

Akabonyeza tena.

Mikono yangu hiyo! Mikubwa kama milango, imeshika kamba, hata kovu la kidole gumba linaonekana.

"Mtunga hadithi angesema hii ni mikono ya maajabu," mwalimu alisema. "Mwandishi wa habari atasemaje?"

"Atasema kamba imelowekwa, inapita chini ya ubao, halafu inavutwa!" mtoto mmoja akajibu.

"Vizuri sana."

Haki ya Mungu, hata mimi marehemu niliona anafundisha vizuri. Nikataka kukohoa nimalize mambo.

Lakini ile picha ikanishika. Naijua. Ilipigwa kibandani kwangu, kwa simu yangu ya kazi, kuwaonyesha wateja. Haijawahi kutoka kwenye simu ile.

Na simu ile niliiacha kwa nani?



Slaidi nyingine. Uso wangu, umezungushiwa mstari mweusi. MAREHEMU BIBI VITI.

"Na leo tuna bahati," mwalimu akasema. "Makala nzuri hutaja chanzo chake. Chanzo chetu cha habari kiko hapa nasi. Karibu, bibi."

Kwenye kiti cha mbele akainuka mtu. Kajifunga shali yangu ya kijani, ile niliyoiacha sandukuni.

Mdogo wangu.

Nilishika ukuta. Wajukuu, mtu akikupiga kofi unajua pa kushika. Hili halikuwa na pa kushika.

Mtoto akanyoosha mkono. "Bibi, maneno yake ya mwisho yalikuwa yapi?"

Mdogo wangu akajifuta macho kwa ncha ya shali. Shali yangu!

"Alinishika mkono," akasema polepole. "Akaniambia, mdogo wangu, viti vyote sasa ni vyako."

Watoto wakainama. Nikasikia kalamu zinakwaruza karatasi, zinaandika nilichosema nikikata roho.

Sikujua nitafungua mdomo. Ulifunguka wenyewe.

"Kitendawili!"

Watoto ni watoto, hata gizani. Darasa zima likaitika: "Tega!"

"Nimekufa bila kuugua, nimezikwa bila kaburi, na maneno yangu ya mwisho ndiyo kwanza nayasikia. Mimi nani?"

Mwalimu akavuta pazia. Mwanga ukaingia.

Kimenuka! Mmoja kajificha chini ya dawati, mwingine anaita mama yake. Kuna kitoto kimoja cha mbele hakikuogopa kitu, kimesimama juu ya kiti: "Mwalimu, jibu ninalo! Bibi Viti!"

Mdogo wangu hakupiga kelele. Alikaa tu, akatazama sakafu.

Mwalimu alinijia. "Bibi, nisamehe. Nawafundisha watoto waulize watu zaidi ya mmoja. Mimi mwenyewe niliuliza mmoja. Nilijiambia, huyu ni mdogo wake wa damu, hawezi kunidanganya."

"Usilie mwanangu," nikamwambia. "Hata mimi nilijiambia hivyo hivyo."

"Mwalimu," kile kitoto cha juu ya kiti kikauliza, "sasa tufute? Mimi nimeandika kwa wino."

Watu wakacheka. Mimi sikuweza.

Nilimtoa mdogo wangu nje, tukasimama kwenye ukuta wa vyoo, mahali pasipo na watu.

"Nimekukosea nini?"

Akachezea ncha ya shali.

"Nakuuliza wewe."

"Simu yako ilikuwa inalia kutwa, dada," akasema. "Bibi Viti yupo? Bibi Viti yupo? Namwambia mtu mimi nipo, naye anasema basi, nitasubiri. Hadi mwalimu alipokuja kutafuta fundi wa kuandikwa na watoto. Naye kafika mlangoni, hodi haijaisha: Bibi Viti yupo? Nikachoka."

"Si ungesema nimesafiri!"

Akaninyanyulia macho. Makavu kabisa.

"Ningesema umesafiri, wangekusubiri."

 Nilinyoosha mkono. Akanipa ufunguo. Akanipa simu. Akaanza kuvua shali, nikamwambia hiyo abaki nayo. Siwezi kuvaa nguo iliyonilia msibani.

Mwalimu, Mungu ambariki, alitengeneza slaidi upya. Watoto walikuja kibandani na maswali yao, wakaniuliza mimi, wakamuuliza seremala, wakamuuliza hata muuza kamba, wakaandika makala nyingine na kuzipeleka kwao. Wateja wameanza kurudi mmoja mmoja. Wengine bado wananigusa bega kwanza, wahakikishe.

Mdogo wangu amepata kibanda nyuma ya stendi. Anasuka vizuri, hilo silifichi. Watu wananiambia, Bibi Viti, msamehe, damu ni damu. Nawaambia niacheni kwanza nimalize kufufuka.

Juzi mteja mmoja alikuja na viti vyake. Akauliza, "Mlikuwa wawili hapa. Yule mwenzako yuko wapi?"

Ulimi uliniwasha, wajukuu. Uliniwasha kweli.

Nikamwonyesha njia ya stendi.

Funzo langu ni hili. Adui akitangaza kwamba umekufa, watu watauliza kaburi liko wapi. Akitangaza ndugu yako, watampa pole na kwenda zao. Kwa hiyo ukisikia habari ya mtu, hata kama aliyekuambia ametoka naye tumbo moja na analia machozi ya kweli, nenda kamgongee mwenyewe mlango.

Huenda akakufungulia.