Barua ya Kuachana na Namba Saba

Wasomaji wapendwa, kwanza mnisamehe kwa mwandiko wangu unaolala upande na kwa maneno nitakayoyakosea, kwa maana mimi niliishia darasa la nane na huandika polepole, neno moja nalitazama kwanza ndipo naandika la pili. Hata aibu ninayotaka kuwaeleza ilitokana na kuandika. Nimeificha muda mrefu, lakini Uthiru wanaijua yote, kwa hivyo nikinyamaza ni kazi bure.

Nilikuwa mpangaji wa Baba Njeri, chumba namba saba, katika ploti ya vyumba kumi na viwili vyenye bomba moja na geti moja. Nilikuwa nashona nguo humo chumbani na kila mtu aliniita Fundi. Jina langu ni Mwende, ila hakuna aliyewahi kuniuliza, na mimi kwa haya zangu sikuwahi kulitaja (mlikumbuke hilo, ndilo lililonimaliza).

Siku moja nikapata kibanda cha kushonea pale Dagoretti Corner, kando ya barabara kabisa, chenye chumba cha kulala nyuma. Mwenyewe akaniambia niingie Jumamosi kabla ya saa sita, nikichelewa atampa kinyozi fulani aliyekuwa akikililia. Shida ikawa Baba Njeri. Yeye alitaka notisi ya mwezi mzima, hakuna kusikilizana, na kabla hajakubali hata sufuria haikupita getini. Cherehani yangu ingebaki ndani, na fundi bila cherehani ni mtu tu.

Mtu mwingine angeenda akamwongelesha. Mimi nilifika mlangoni pake mara tatu, mara ya kwanza nikaomba chumvi, ya pili nikasema bomba linavuja (halikuwa linavuja), na ya tatu nikarudi bila kubisha. Ndipo nikaamua kumwandikia. Shuleni tulifundishwa barua ya kirafiki na barua rasmi, na wiki ya ile rasmi nilikuwa nyumbani na matumbwitumbwi. Basi nikaandika ninayoijua:

“Kwa mpendwa Baba Njeri, natumaini u mzima kama mimi. Tumekaa pamoja miaka miwili bila ugomvi na umenitunza vizuri. Sasa nimepata mahali pengine. Naomba tuachane kwa amani, mimi na wewe tukubaliane, ili Jumamosi niende zangu. Tafadhali usiniongeleshe mbele ya watu, naona haya. Ni mimi wako, Mwende.”

Niliisoma mara nne nikaona imenyooka. Nikaipitisha chini ya mlango wao Ijumaa jioni, nikalala usingizi mtamu.

Asubuhi nilikuwa naanika shuka niliposikia mlango wa Baba Njeri ukifunguliwa kwa kishindo. Mkewe, Mama Njeri, mama wa kanisa anayeheshimiwa na wote, akatoka na karatasi mkononi, na nyuma yake Baba Njeri mwenyewe, nusu ya uso ameshanyoa na nusu ina povu.

“Mama Njeri, nakuapia, sijui huyo ni nani!”

“Hujui? Ati umemtunza vizuri!” Akasimama katikati ya ploti, akaisoma barua yangu yote kwa sauti ya kutoa matangazo kanisani. Wanawake waliokuwa bombani wakaacha ndoo zikifurika. “Na hii Mwende ni jina ama ni mapenzi? Ni mpendwa wako huyo!” (Kwa Kikamba Mwende ni mpendwa kweli, na Kikuyu cha Mama Njeri hakiko mbali.)

“Miaka miwili, Ngai!” akasema Mama Brayo wa namba tatu. “Lakini ameandika kwa heshima, tuseme ukweli.”

Mimi nilikuwa nyuma ya shuka, maji yananichuruzikia miguuni. Ningeweza kunyamaza. Lakini Baba Njeri alikuwa bado anaapa na povu lake, na kule Dagoretti Corner saa zilikuwa zinakwenda. Nikatoa kichwa.

“Mwende ni mimi.”

Hapo nilijua nimeharibu zaidi, kwa sababu wanawake wote wa bombani waligeuka kunitazama.

“Wewe, Fundi?” Mama Njeri akanisogelea polepole. “Ulinishonea nguo ya kanisa. Unanipima kiuno huku unaniibia mume?”

Sauti ikanitoka ambayo sikujua ninayo, naambiwa ilisikika mpaka barabarani. “NI NYUMBA, MAMA! Nataka kuachana na NYUMBA! Namba saba!”

Mama Njeri akairudia barua, midomo ikichezacheza, akitia neno nyumba kila mahali nilipolisahau. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na ploti nzima ikaangua kicheko, hata mimi.

“Baba Njeri,” akasema Mama Njeri huku anajifuta macho, “umekubali muachane?”

“Nimekubali! Hata sasa hivi!”

“Na notisi?”

“Notisi ya nini? Aende na amani!”

Ndugu zangu, katika ploti ile hakuna mtu aliyewahi kuisikia sentensi hiyo. Baba Njeri akageuza barua akaandika nyuma yake, mkewe akisimamia: “Mimi na mpangaji wa namba saba tumekubaliana kuachana.” Mama Njeri akamshika mkono. “Andika NYUMBA. Andika kubwa.” Akaandika, tukatia sahihi wote wawili, na Mama Brayo akawa shahidi bila kuombwa. Mama Njeri mwenyewe akabeba kichwa cha cherehani mpaka getini, akaniambia, “Ukienda huko, waambie jina lako siku ya kwanza.”

Nilifika Dagoretti Corner kinyozi akiwa mlangoni, anapima kwa macho atakapotundika kioo. Nikampita na cherehani yangu. Juu ya mlango niliandika MWENDE, na wateja wa Uthiru wakija huuliza kama hapa ndipo kwa yule aliyeachana na Baba Njeri. Nawajibu ndiyo, bila haya.

Barua rasmi nilijifunza baadaye. Kumbe kuna mahali pa kuandika KUH, yaani kuhusu, halafu unataja jambo lenyewe! Nimeapa sitaandika tena barua bila hiyo. Nanyi nawaomba mniandikie mnieleze aibu zenu, lakini tafadhali, juu kabisa mtaje ni kuhusu nini.