Nililimwagilia Shamba Setilaiti Isitukute na Vumbi

Jamani, kosa ni langu, tena simsingizii shetani. Nililitenda kwa ndoo yangu mwenyewe.

Miaka ile wakimbizi wa Burundi walipokuwa wengi kwetu, wataalamu walikuja kijijini kwetu Kidahwe. Walisema kuna setilaiti inapita juu angani, inapima unyevu wa udongo hata kukiwa na mawingu. Kazi yangu ilikuwa ndogo tu: siku setilaiti inapopita, nichote udongo shambani, nijaze makopo, niwape wapime walinganishe na vipimo vyake.

Sasa mimi nimelelewa hivi: mgeni akija, unafagia uwanja na kunyunyiza maji ili vumbi litulie. Huyu mgeni anatoka juu kabisa, nimpokee hivi hivi? Aibu iliyoje! Asubuhi hiyo nikabeba ndoo kumi na mbili kutoka mtoni, nikalilowesha shamba la kupimia mpaka likang'aa. Nikavaa na kitenge kipya. Nikapunga mkono!

Ndipo nikajaza makopo.

Mtaalamu akakuna kichwa. Setilaiti inasema pakavu, makopo yanasema matope! Akaamua setilaiti ndiyo inayokosea, wakarekebisha hesabu zake zifuate makopo yangu. Mimi, darasa la saba, nimeisahihisha setilaiti! Nikavimba kichwa wiki nzima. Tangazo likatoka: unyevu unatosha, pandeni.

Mama Gorethi, jirani yetu mkimbizi, alikuwa na mbegu za maharage alizovuka nazo mpaka, amezifunga kwenye pindo la kitenge. Akaniuliza, "Mwana wanje, mwanangu, mbona mimi nikichimba naona vumbi tu?"

Nikamjibu, "Mama, wewe unachimba kwa jembe. Wenzako wanaona kwa mitambo."

Loo, mdomo wangu huu! Akapanda zote, hakubakiza hata punje. Mvua ilikuja wiki tano baadaye, mbegu zimeshaliwa na mchwa.

Nilikwenda sokoni Ujiji nikamnunulia maharage, nikapiga magoti, nikamweleza yote, pamoja na kupunga mkono. Alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akalia. Akainuka, akayapika yote siku hiyo hiyo, akanipakulia sahani imejaa.

"Kula, mwana wanje. Haya ni ya kula. Mbegu ya mama yangu haiuzwi Ujiji."

Nilikula nikilia, na sikuthubutu kubakiza.

Wenzangu, anayekuja kupima hali yenu mwonyesheni ilivyo. Mimi nilitaka tu tuonekane vizuri, na mama wa watu akapoteza kitu pekee alichotoka nacho kwao.