Mlima, Mwambie Mama

Kwetu Bariadi, Usukumani, mawe si kitu cha kupandia ndege kwenda kuyatazama. Mawe tunayo. Ukitoka mjini kidogo unayakuta yamepandana juu ya vilima, pimbi wanaota jua juu yake, na hakuna aliyewahi kutozwa kiingilio. Kwa hiyo binti yangu aliponiambia kwamba tutakwenda kuona mlima mwekundu, ambao watu hutoka dunia nzima kuja kuupiga picha, nilimjibu kuwa nimevuka bahari kuja kuona mjukuu, jiwe lingoje.

Hiyo ilikuwa Arizona, jimbo la jangwa huko Marekani, ambako binti yangu anaishi na mumewe. Nilikwenda alipojifungua. Nilibeba michembe, yale matole yetu ya viazi vitamu vilivyokaushwa, karanga na dagaa wa Lamadi, na nilibeba pia wasiwasi ambao mizani ya uwanja wa ndege haikuuona. Kwa miezi mingi kabla hajajifungua nilikuwa nikiisikia kwenye simu sauti ya mtu aliyetoka kulia. Nikimuuliza, anajibu, "Niko sawa, mama." Mimi nimefundisha shule ya msingi hadi kustaafu, na nimekaa katika ndoa muda mrefu kuliko huo. Najua "niko sawa" ya mwanamke ina nini ndani yake. Nilitaka kujua jambo moja tu: mwanangu yuko salama kwa yule mwanamume, au hayuko?

Sasa, utamjuaje mtu ambaye hutakiwi kumtazama?

Mkwe wangu ni Msukuma wa Ipililo, kule Maswa. Alilelewa na bibi yake, na bibi huyo hakufanya mchezo. Kwa wazee wetu, mwanamume na mama mkwe wake hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawashikani mikono wala hawatazamani usoni. Wakiwa na neno, humpa mtu wa tatu alifikishe. Si chuki, ni heshima. Siku hizi mambo yamelegea. Pale Bariadi mjini nimeona wakwe wakipiga selfi wamekumbatiana, nikageuza uso kama niliyefumania watu wanaoga. Nilidhani kijana yule, kwa kukaa Marekani, naye atakuwa amelegea, na moyoni nilishajiandaa kumsamehe. Lakini ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Hakulegea hata kidogo.

Nyumba yao ni ndogo, jiko na sebule ni chumba kimoja. Kila jioni alipotoka kazini alisimama nje ya mlango akakohoa mara mbili. Binti yangu anasema, "Mama, huyo anakuja," nami naingia chumbani na mtoto wangu mgongoni, maana wajukuu nawaita watoto wangu. Yeye anaingia, anaoga, anapakuliwa, anatoka na sahani yake kwenda kula ndani ya gari. Ndiyo, ndani ya gari! Nilikuwa nikimchungulia dirishani, taa ya gari imewaka, mtu mzima amejiinamia anatafuna michembe yangu kwa karanga. Jirani yao, bibi mmoja wa Kizungu, alimvuta binti yangu pembeni akamuuliza kama mume amefukuzwa.

Siku moja alirudi mapema na kikohozi kikachelewa. Nilikuwa jikoni. Nilifungua mlango wa friji nikajificha nyuma yake, kwa umri huu, hadi vidole vikaanza kufa ganzi. Yeye naye, binti yangu aliniambia baadaye, alikuwa amegeukia ukuta wa mlangoni anasoma maelekezo ya king'ora cha moto.

Binti alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka sana. Adabu iliyozidi hunitia shaka, na ninayo sababu. Marehemu mume wangu alikuwa na adabu ukweni mpaka ikawa mfano. Mama yangu alikufa akimsifu. Lakini akivuka kizingiti cha kwake mwenyewe alikuwa mtu mwingine, na habari hizo nilizijua mimi na kuta zangu. Kwa hiyo kila kikohozi kilipopigwa pale mlangoni nilijiuliza: na mimi nikishapanda ndege, huyu anakohoa, au anaingia tu?

Nikambana binti. Nikambana akiwa ananyonyesha, nikambana akiwa anakunja nguo. "Mama, niko sawa." Hasira zangu ziko karibu, nikamwambia asinijibu kama karani wa ofisi. Akaanza kulia, nikaona nimeharibu. Siku zangu za kuondoka zilikuwa zimekaribia na bado sikujua chochote.

Basi tukaenda mlimani. Mkwe anaendesha, mimi kiti cha nyuma upande wa mtoto, nimejifunika kanga nusu ya uso. Njia nzima nilitazama kisogo chake. Kilikuwa kisogo safi, kimenyolewa vizuri, lakini kisogo hakisemi.

Halafu mlima ukatokea, na hapo lazima niseme ukweli ingawa nilikuwa nimeapa kutousifu. Ni mwekundu kama tofali lililotoka tanuruni. Umesimama peke yake kwenye nchi kavu isiyo na mti wa maana, umegawanyika juu kama minara, na mbingu nyuma yake ni ya buluu isiyo na wingu. Nilisogeza uso hadi kwenye kioo cha dirisha. Binti yangu aliniangalia kwa pembe ya jicho akitabasamu. "Umekosa pimbi tu, mama," akasema. Nilimpenda mno kwa neno hilo, kwa sababu nilijua sasa kwamba anakumbuka nyumbani kila siku.

Chini ya mlima palikuwa na kivuli kidogo. Binti akakaa hapo na mtoto. "Nendeni ninyi," akasema.

"Ninyi na nani?" nikauliza.

Akacheka, akanyonyesha. Mimi nikaondoka peke yangu. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya kanisani, vyeusi, soli laini, kwa ajili ya picha. Nilitaka akina mama wa kwaya Bariadi waone kwamba sikwenda Marekani kuosha nepi tu. Binti alinibembeleza nivae raba zake, nikakataa. Nyuma yangu, mbali, nikasikia kikohozi. Alikuwa ametumwa anifuate.

Kupanda hakukuwa na shida. Mwamba ule una ngazi za asili, na mimi ni mtoto wa vijijini. Nilipanda hadi mahali penye upana, nikatazama jangwa lote chini, nikajiona mtu. Niligeuka kushuka ndipo nikauona mteremko niliokuwa nimeupanda bila kuutazama. Jiwe lilikuwa laini kama sakafu iliyopakwa nta. Niliweka mguu, kiatu kikateleza, nikarudi nyuma haraka na kukumbatia mwamba.

Wazungu walipita wakinipungia mkono, wakidhani napumzika. Kiingereza nilichofundisha miaka yote kilinitoroka chote, nikabaki na "Hello" peke yake. Nikawapa. Kama ningekuwa peke yangu ningekaa chini nikateremka kwa makalio, moyo ukatulia, hadithi ikaisha. Lakini chini yangu, kama mita kadhaa, alikuwa amesimama mkwe wangu ametugeuzia mgongo, mimi na aibu yangu. Mama mkwe ateremke kwa makalio mbele ya mkwe? Bora kufia pale pale, wanizike kwenye mwamba.

Naye alikuwa taabuni kama mimi. Kunishika mkono hawezi. Kuniita hawezi. Mtu wa tatu yuko chini kabisa ananyonyesha. Tukakaa hivyo, yeye anatazama jangwa, mimi nimekumbatia jiwe, jua linatuchoma wote kwa usawa.

Kisha akakohoa. Akasema kwa Kisukuma, kile kizito cha Maswa, akiuelekeza uso kwenye mwamba ulio pembeni yake:

"Mlima, mwambie mama asiogope. Mwambie mguu wa kushoto uko mahali pazuri."

Ndiyo mara ya kwanza kuisikia sauti yake karibu.

Nilijibu bila kufikiri. "Mlima, mwambie huyo kijana mguu wa kushoto haujambo, wa kulia ndio wenye shida."

"Mlima, muulize mama kama anaweza kurusha pindo la kanga."

Nikaivua kanga mabegani, nikaishika upande mmoja, nikarusha mwingine. Akapapasa nyuma bila kugeuka, akaupata, akauzungusha mkononi. Akatangulia, mgongo kwangu, akiweka mguu taratibu ili nione pa kuweka wangu. Kanga ikakaza katikati yetu. Kila nilipoteleza alisimama akachukua uzito wangu wote, hakuvuta, hakuharakisha. Nimewahi kuongoza ng'ombe mgonjwa namna ile. Sikujua siku moja ng'ombe nitakuwa mimi.

Ilikuwa katikati ya mteremko ndipo nilipoona kwamba sitapata nafasi nyingine. Nikasimama. Kanga ikakaza, naye akasimama.

"Mlima," nikasema, "muulize huyu kijana. Mwanangu analia?"

Nilikiona kisogo kikiinama.

"Mlima, mwambie mama ndiyo. Analia."

Nikaikaza kanga kwa mikono miwili. "Anamliza nani?"

"Mwambie mama hakuna anayemliza. Analia kwa ajili ya nyumbani. Alianza mimba ilipoingia. Huku hakuna wa kumwambia pole, hakuna wa kumletea uji, mlango haubishwi hodi tangu asubuhi hadi jioni. Mimi nikirudi nakaa naye chini, pale jikoni. Simwambii anyamaze. Sijui niseme nini, basi nakaa." Akaizungusha kanga tena mkononi. "Ikizidi namleta hapa, kwa sababu ya mawe. Anasema anakaribia kuona kwao. Lakini mlima umechoka kubebeshwa kazi ya mama. Ndiyo maana nilimwambia amwite mama mwenyewe. Mwanzoni hakutaka, alisema atamtia hofu."

Nilidhani binti ndiye aliyeniita. Kumbe ni huyu mla sahani garini.

Nilikuwa nalia, na nilimshukuru Mungu kwamba mila inamkataza kugeuka. Nililia kwa ajili ya binti yangu, na kidogo, wacha niseme, kwa ajili yangu, maana hakuna aliyewahi kukaa chini nami jikoni. Nilipopata sauti niliuambia mlima jambo dogo tu: "Mwambie tushuke, mtoto atakuwa na joto."

Tulipofika chini binti alituona, mama mbele ya macho yake ameshika pindo la kanga, mume ameshika lingine, wote wawili tumejaa vumbi jekundu. "Jamani, kumetokea nini?" akauliza. Tukasema hakuna kitu, kwa pamoja, kila mmoja akitazama upande wake.

Jioni ile alikohoa mlangoni mara mbili, nikaingia chumbani, akaenda kula kwenye gari. Hakuna kilichobadilika, na sikutaka kibadilike. Nilichofanya ni kumuongezea karanga.

Usiseme milima haikutani, binadamu hukutana. Sisi wawili bila mlima tusingekutana.

Nimerudi Bariadi. Picha ya kuwaonyesha akina mama wa kwaya imetoka nzuri, viatu vinaonekana. Na binti nazungumza naye kila mara; nimeacha kumuuliza kama yuko sawa. Namuuliza umelia lini, ananiambia, halafu namwambia pole, na tunahamia kwenye bei ya pamba na habari za majirani mpaka anacheka.

Juzi jioni simu iliita, ya video. Haikuwa namba ya binti, ilikuwa ya mumewe. Nikapokea haraka, kwa sababu mkwe hanipigii, hajawahi. Kwenye kioo hapakuwa na uso wa mtu. Palikuwa na mlima ule mwekundu, kwao ni asubuhi, jua linauangukia. Nikaelewa kwamba kijana wa watu ameendesha gari safari yote ile kwa sababu alikuwa na neno la kuniambia na hakuwa na wa kulipitishia.

Kikohozi. Mara mbili.

"Mlima, mwambie mama asishtuke. Wote wazima. Mwambie tu kwamba jana mwanae ameimba. Anaosha vyombo, akaimba, zile nyimbo za kwaya za Bariadi. Tangu tufike huku sijawahi kumsikia akiimba. Nimeona mama ajue."

Nilikaa kwenye kiti changu cha uani, simu mkononi. Jirani alikuwa anaanua nguo, akaniangalia, nikamwonyesha kwa mkono aendelee na nguo zake.

"Mlima," nikasema, "mwambie mwanangu nimesikia. Siyo yule anayeimba. Yule mwingine."

Mlima ukakohoa.