Mayai ya Kuku wa Mama

Mukakalisa hupika chakula kisicholiwa na mtu. Katika maabara ya hospitali moja hapa Kamembe, hupasua mayai, huyakoroga, kisha hutia dawa ya kijani inayozuia vijidudu vya ovyo na kukiacha kimoja tu, cha kifua kikuu. Huupasha moto mchanganyiko mpaka ugande chupani, hupanda makohozi ya mgonjwa juu yake, hungoja. Kidudu hiki ni kivivu kuliko shemeji yangu. Huchukua wiki nyingi kuota.

Mayai aliyatoa kwa mama yake. Kuku aliyenyweshwa dawa hutaga yai lenye dawa, na juu ya yai hilo hakioti kitu. Ya sokoni hakuyaamini.

Mwaka huu mmoja wa wagonjwa alikuwa mdogo wake, Larissa, aliyetengwa wodini huku mama yao akimlea mtoto mchanga wa Larissa. Chupa yake ikibaki tupu, bila kidudu kuota, angerudi nyumbani. Ilibaki tupu. Mama akafua mashuka ya Larissa.

Ndipo Mukakalisa akatazama chupa ya shahidi, ile anamopanda kidudu kinachojulikana kuwa kizima ili kupima chakula chenyewe. Nayo ilikuwa tupu.

Alimkuta mama akianika.

"Maman, kuku ulizipatia dawa?"

"Zilianza kufa, mutoto yangu. Nikaweka dawa ya Bukavu mu maji. Larissa akirudia, atakula nini?"

"Sawa, Maman."

Basi. Mimi ningepiga kelele mpaka ng'ambo ya mto Rusizi, huko Bukavu, wanisikie. Yeye alimbadilisha mtoto nepi, akaketi. Alisema baadaye kwamba hakusikia uchungu wowote, na hilo ndilo lililomtisha.

Alitupa chupa zote, akatafuta mayai kwa Mzee Muderhwa, ambaye kuku wake hawajawahi kuonja dawa, akapanda upya. Safari hii shahidi aliota. Na chupa ya Larissa ikaota, punje kavu kama makombo ya mkate. Aliandika matokeo, akanawa mikono, akaenda kusimama nje ya dirisha la wodi.

"Yaya," Larissa alimwita dada yake, "ninarudia nyumbani?"

"Bado. Imeota."



"Na kuku za Maman? Aliniambia zilikuwa zinakufa."

"Zilipona," alisema Mukakalisa. "Zote."