Mdogo wangu kaweka isale juu ya kompyuta yangu

Admin, nifichie jina, na mtaa usiutaje zaidi ya Njoro, maana wateja wangu nao wanapita humu. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, nina watoto wawili na steshenari ndogo hapa Moshi. Nachapa barua, natoa kopi, naandaa ratiba za misiba na kadi za sendofu. Nimechoka, wapendwa. Ngoja nianzie kwenye kompyuta.

Ni ile ya mezani, niliinunua ikiwa tayari imetumika. Asubuhi naiwasha, nafagia, napiga deki, nachemsha chai, ndipo inafunguka. Ikiganda mteja amesimama, jasho linanitoka mimi. Kikoba chetu kilipovunjwa nikasema mgao wangu ni wa hiyo. Fundi akaniambia mpya sitaiweza, ila hiyo hiyo akiibadilishia diski na kuiongezea RAM, itanisogeza. Akanionya pia kwamba bodi imezeeka, ikifa baadaye nisimlaumu. Nikawa nawaza, nimtibu mzee huyu au nimwache?

Sasa nina mdogo wangu wa kike, tumbo moja. Nilimfundisha mimi kuchapa, hapo hapo kwenye hiyo kompyuta. Desemba iliyopita, watu wamerudi nyumbani na kazi zimejaa, akaondoka bila kuaga. Akabeba mafaili yangu yote kwenye flashi, akafungua ya kwake barabara ya pili na mashine mpya. Hilo ningelimeza. Kilichonikaa kooni ni alichokuwa akiwaambia wateja: "Kwa dada msipeleke, lile kopo litawamezea kazi zenu." Lile kopo, jamani, ndilo lililomlisha! Nililia. Hata kanisani tukawa tunakaa mabenchi tofauti.

Wiki iliyopita natoka kununua karatasi, nakuta jani la isale juu ya sipiyu. Kwa msio wa huku: kwetu Wachagga mtu akikuletea isale anaomba msamaha, na isale halikataliwi. Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye stuli ya wateja, anaangalia chini.

"Dada, nimekosa," akasema. "Usiongeze kitu kwenye hiyo mashine. Nilete ya kwangu hapa, tufanye pamoja kama zamani."

Moyo ukalainika kidogo, nikamwambia aniache nifikirie. Kumbe! Jioni jirani ananiambia mwenye nyumba aliyempangisha mdogo wangu anakitaka chumba chake, mwisho wa mwezi anamtoa. Yaani yeye ana mashine hana pa kuiweka, mimi nina pa kuweka sina mashine. Sasa hilo isale ni la msamaha au ni la chumba?

Nikampigia mama, yuko Mwika. Hata marahaba hajaimaliza, akauliza, "Isale umelipokea?" Nikamwambia sijaligusa, liko pale pale. "Lipokee. Usituletee laana kwenye kihamba cha baba yenu, kwenye migomba ya ukoo." Nikamuuliza, mama, na kama anataka chumba tu? Akasema, "Angeweza kwenda kupanga kwingine asijidhalilishe." Akakata simu.

Nikasema potelea mbali, natengeneza changu. Jana nikamwita fundi, akaja na diski na bisibisi. Akainama afungue, akaliona jani. Bisibisi ikarudi mkobani.

"Mama, hapo mimi siweki mkono. Malizaneni kwanza."

"Si uliondoe tu uweke pembeni? Jani hilo!"

Akacheka. "Kama ni jani, liondoe wewe."

Nikainua mkono, nikaurudisha. Fundi kaondoka zake. Leo nimeshinda nachapa kazi za watu kwa mashine inayoganda, na jani linakauka mbele ya macho yangu. Nikiliweka pembeni fundi afungue, nimemkataa mdogo wangu. Nikilipokea, nimemsamehe, na mimi moyoni bado sijafika huko. Na sitaki kumsamehe kwa mdomo tu, nimeshachoka kuigiza.

Nishaurini, hasa nyie mliowahi kuumizwa na ndugu wa tumbo moja. Hilo jani lazima nilishike. Nilishike nilipokee, au nilishike niliondoe? Maana mkono ni huu huu mmoja.