Chaguo la Pili

Nakiri sasa, kwa kuwa nimestaafu na hakuna wa kunifukuza: ni mimi niliyewafundisha waombaji wa chuo wa kwetu Afrika Mashariki kuacha wazi nafasi ya chaguo la pili. Mbele ya wakubwa nilikana miaka yote, uso mkavu.

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya udahili ya chuo kikuu, hapa Guangzhou, China, Mkurugenzi alinieleza kazi kwa ufupi: "Mjini wanafunzi wanagombania viti. Tawi la milimani, viti vinagombania wanafunzi." Watoto wa Kichina walizidi kupungua, na wa milimani wakifaulu walikimbilia mjini. Sera ikawa wageni wajaze pengo. Kwenye fomu, chaguo la kwanza ni unapopataka, la pili ni unapokubali kupelekwa. Ukiliacha wazi, hupelekwi popote.

"Watu wenu hawana chaguo la pili?" Mkurugenzi aliniuliza.

"Tuna msimamo, Mkurugenzi."

Nilijiona mwokozi. Na shahada zangu mbili, huko milimani nilikuwa sijakanyaga.

Kisha nikatumwa kukagua. Nilimkuta Mwalimu Lin, mkuu wa idara ya mitambo ya kilimo, akifundisha wanafunzi sita, kila mmoja na injini yake mkononi. Mjini wanafunzi wetu waliitazama injini moja kutoka safu ya nane. Lakini wasipopatikana tisa wengine kabla ya Septemba, idara ingefungwa.

Nilirudi kuwashawishi watu wale wale. Bi Zuhura, mfanyabiashara wa Kizanzibari pale mtaa wa maduka wa Guangyuan Xilu, ambaye binti yake Rukia alitaka uhandisi, hakunionea haya.

"Leo milimani pazuri? Si wewe uliyesema Wachina wenyewe wanapakimbia?"

"Nilisema, dada. Nilikuwa sijafika."

"Miaka yote hiyo unauza robota hujalifungua!"

Rukia alikuwa ameshachukua kalamu. Aliandika tawi la milimani, chaguo la kwanza, kisha akaenda kuwatafuta wenzake.

Wanaonisifu hutaja niliowaingiza mjini. Hao wangeingia hata bila mimi. Ninaojivunia ni wale tisa, waliokubali kumwamini mtu aliyekwisha kuwapotosha kaka zao.

Mwisho wa Agosti Mwalimu Lin akapiga simu. "Wametimia kumi na watano. Idara haifungwi." Kisha akauliza kama mtu aliyepata shida mpya: "Dada, hawa wageni wangu wanakula nini?"